Kokwa za mwaloni kama chakula cha mifugo

Kokwa za mwaloni ni matunda ya miti ya jenasi Quercus katika familia Fagaceae. Kila kokwa ina mbegu moja ndani ya ganda gumu la rangi ya kahawia, nayo hukaa katika kikombe kidogo chenye magamba. Huliwa na wanyama wengi wa porini na wa kufugwa, lakini zina kemikali ziitwazo tanini, na mnyama akizila kwa wingi siku kadhaa mfululizo anaweza kuharibika figo na kufa. Ng'ombe, hasa ndama na mitamba, ndio wanaoathirika zaidi. Kondoo na farasi huathirika pia. Mbuzi hustahimili kuliko ng'ombe, ingawa si kwamba hawawezi kudhurika. Nguruwe, kwa upande wao, hunenepeshwa kwa kokwa hizi kwa makusudi, na katika nchi kama Hispania nyama yao huuzwa ghali kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo swali la kama kokwa za mwaloni ni salama kwa mifugo halina jibu moja. Hutegemea ni mnyama gani, ana umri gani, amekula kiasi gani, kokwa zenyewe zilikuwa mbichi au zimeiva, na zaidi ya yote kama palikuwa na chakula kingine. Sehemu kubwa ya vifo vinavyojulikana hutokea pale ambapo nyasi zimekwisha na mnyama mwenye njaa hana kingine cha kula.

Mti na jina lake

Jenasi Quercus ina spishi zaidi ya 400. Zinaota hasa katika nusu ya kaskazini ya dunia: Ulaya, Asia, Amerika ya Kaskazini na ya Kati, pamoja na Afrika ya Kaskazini katika nchi za Moroko, Algeria na Tunisia. Kusini mwa Sahara hakuna mwaloni wa asili. Ile iliyopo ilipandwa na watu. Mfano unaojulikana ni mji wa Stellenbosch nchini Afrika Kusini, ambao kwa Kiafrikaans una jina la utani Eikestad, maana yake "mji wa mialoni". Wasomaji wengi wa Kiswahili wamelikuta neno hili kwanza katika Biblia, kwenye kitabu cha Mwanzo, ambapo Abrahamu anapiga hema lake penye mialoni ya Mamre. Lisichanganywe na neno linalofanana nalo la maeneo ya Ziwa Viktoria: soko la samaki la Mwaloni huko Kirumba, Mwanza, limetokana na neno mwalo, yaani mahali pa kutia mitumbwi nanga, wala halihusiani na mti huu.

Mwaloni hauzai sawasawa kila mwaka. Katika miaka mingi kokwa huwa chache, kisha unakuja mwaka ambapo miti ya eneo zima huzaa kwa pamoja hadi ardhi chini yake ikafunikwa. Miaka hiyo ya mavuno makubwa hurudi kila baada ya miaka michache bila ratiba kamili, na ndiyo ambayo madaktari wa mifugo huitwa mara nyingi zaidi mashambani. Kokwa huanguka katika majira ya kupukutika majani, yaani kati ya Septemba na Novemba katika nchi za kaskazini. Ni wakati uleule ambapo nyasi zinaacha kukua. Dhoruba ikipiga mapema, kokwa nyingi huangushwa zikiwa bado za kijani, na hizo ndizo zenye tanini nyingi zaidi.

Spishi nazo hutofautiana. Huko Amerika wafugaji hugawanya mialoni katika makundi mawili makubwa: mialoni myeupe, ambayo kwa kawaida kokwa zake huiva ndani ya mwaka mmoja na huwa na uchungu kidogo, na mialoni myekundu, ambayo kokwa za spishi zake nyingi huchukua miaka miwili kuiva na zina tanini nyingi zaidi. Hata hivyo hakuna mwaloni ambao unaweza kusemwa kuwa hauna hatari yoyote. Majani na machipukizi yana tanini vilevile, hasa yakiwa machanga.

Tanini ni nini

Mtu yeyote aliyewahi kula ndizi mbichi au kung'ata bibo anajua ukakasi: ulimi hukauka, mdomo hukunjamana, na mate huwa kama yameganda. Kazi hiyo hufanywa na tanini, ambazo hushikamana na protini za mate. Uwezo huohuo wa kushikamana na protini ndio unaotumika kugeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu na mikoba. Magome ya mikoko ya pwani ya Afrika Mashariki yalisafirishwa nje kwa kazi hiyo, na miwati ya Njombe na ya nyanda za juu za Kenya ilipandwa kwa ajili hiyo. Magome ya mwaloni yalitumika kwa namna hiyohiyo huko Ulaya kwa karne nyingi.

Kuna aina mbili kubwa za tanini, na tofauti yake ni muhimu kwa mfugaji. Tanini za mikoko na miwati kwa sehemu kubwa ni za aina isiyovunjika kwa urahisi tumboni. Zikizidi hupunguza hamu ya kula na huzuia protini ya chakula isitumike mwilini, lakini nyingi hupita na kutoka na kinyesi. Tanini za kokwa na majani ya mwaloni kwa sehemu kubwa ni za aina inayovunjika. Katika rumeni, yaani lile tumbo kubwa la kwanza la mnyama anayecheua, bakteria huzivunja kuwa asidi ya galiki, kisha kuwa pirogaloli na kemikali nyingine ndogondogo. Hizi huingia katika damu. Tanini yenyewe huchubua ukuta wa utumbo na kufungua njia zaidi, na kemikali zilizoingia katika damu hufika kwenye figo na kuua chembe za mirija midogo inayochuja mkojo. Figo zikishindwa, uchafu unaotakiwa kutoka na mkojo hubaki mwilini.

Bila tanini hizo, kokwa ni chakula kizuri. Ina wanga mwingi na mafuta kiasi, na watu wameila tangu kale. Wenyeji wa California, kama vile Wamiwok na Wapomo, waliitwanga kuwa unga na kuuchuja kwa maji mara nyingi hadi uchungu uishe, kwa kuwa tanini huyeyuka katika maji. Nchini Korea hadi leo hutengenezwa aina ya jeli ya kokwa iitwayo dotorimuk. Upungufu wake ni protini, ambayo haifiki sehemu ya kumi ya uzito. Mnyama anayeshiba kokwa tu hudhoofika hata kabla ya sumu kuonekana.

Ng'ombe

Ng'ombe hula kwa kujaza tumbo. Akikuta kokwa nyingi chini ya mti huzila kwa mdomo mpana, maganda na yote, na ng'ombe wengine huzipenda kiasi cha kuacha majani na kurudi kwenye mti uleule kila siku. Dalili hazitokei papo hapo. Kwa kawaida huanza siku 3 hadi 7 baada ya mnyama kula nyingi, wakati mwingine baadaye zaidi, na ng'ombe anaweza kuugua hata baada ya kuondolewa penye miti. Kuchelewa huku ndiko kunakomponza mfugaji: anaona kundi lake limekula kokwa kwa siku mbili bila neno, anadhani hakuna shida, na anawaacha waendelee.

Mwanzo wa ugonjwa si wa kutisha. Mnyama anajitenga na wenzake, ananyong'onyea, anaacha kula na kucheua. Anafunga choo na kujikamua bila kutoa kitu, au anatoa kinyesi kidogo kigumu chenye utelezi na damu. Baada ya siku chache kufunga choo hugeuka kuwa kuharisha kinyesi cheusi chenye harufu kali. Pua hukauka. Mnyama hunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara mkojo mweupe kama maji, dalili kwamba figo haziwezi tena kuukoleza. Wengine huvimba chini ya taya, kifuani na tumboni kwa sababu maji yanajikusanya chini ya ngozi. Joto la mwili kwa kawaida halipandi, jambo linalosaidia kuutofautisha ugonjwa huu na maambukizi mengi yanayoleta kuhara damu. Wanaofikia hatua hii wengi hufa, mara nyingi ndani ya wiki moja hivi tangu dalili zianze.

Daktari wa mifugo huthibitisha kwa kupima damu, ambayo huwa na urea na kreatinini nyingi kupita kawaida, na kwa kuangalia mazingira: miti ipo, kokwa zimeanguka, majani hayapo. Mzoga ukipasuliwa, figo huonekana zimevimba na kupauka, zikizungukwa na maji au uvimbe wenye damu. Utumbo huwa na vidonda. Na ndani ya rumeni hukutwa vipande vya maganda ya kokwa au majani ya mwaloni. Ikiwa siku nyingi zimepita tangu mnyama ale, maganda hayo yanaweza kuwa yameshatoka, kwa hiyo kutoyakuta si ushahidi kwamba hakula.

Hakuna dawa inayoondoa sumu hii. Kinachofanyika ni kumwondoa mnyama kwenye miti, kumpa nyasi kavu nzuri na maji safi, kumpa mafuta ya kulainisha choo au mkaa maalumu wa dawa ikiwa amekula karibuni, na kumtundikia maji ya mishipani kusaidia figo. Wanaopona huchukua wiki nyingi kurudi katika hali yao, na ndama waliopona mara nyingi hubaki nyuma ya wenzao kwa uzito.

Kuhusu kiasi, takwimu inayotumiwa sana inatoka kusini-magharibi mwa Marekani, katika majimbo ya Texas na New Mexico, ambako tatizo kubwa si kokwa bali machipukizi na majani machanga ya mialoni mifupi kama Quercus havardii wakati wa majira ya kuchipua. Huko huhesabiwa kwamba ng'ombe huanza kuugua mwaloni ukizidi nusu ya chakula chake chote, na ukizidi robo tatu huweza kufa. Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini ng'ombe walewale, katika shamba lilelile, hula kokwa kila mwaka bila madhara na kisha mwaka wa ukame wanakufa. Huko kaskazini mwa California mwaka 1985 ilikuwa theluji iliyoanguka nje ya majira yake: ilifunika nyasi, ng'ombe wakabaki na machipukizi ya mialoni tu, na wengi wakafa.

Ng'ombe mwenye mimba ana hatari ya namna nyingine. Katika vilima vya chini ya Sierra Nevada, California, wafugaji walijua tangu zamani ndama waliowaita "ndama wa kokwa": wanazaliwa na miguu mifupi, viungo vilivyolegea au kupinda, na wakati mwingine uso uliofupika. Ilidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa kurithi na mafahali wakawa wanalaumiwa. Watafiti wa California katika miaka ya 1940 walieleza kwamba haurithiwi. Mama alikuwa amepitisha miezi ya kati ya mimba yake katika malisho makavu, akiishi kwa kokwa na kukosa virutubishi vingine. Ng'ombe wenye mimba walipopewa chakula cha nyongeza katika miezi hiyo, ndama walizaliwa wazima.

Mbuzi na kondoo

Mbuzi ana sifa ya kula kila kitu, sifa ambayo si ya kweli hasa. Ni mchaguzi: huchuma jani hapa, tawi pale, ganda kule, na mara chache hujaza tumbo kwa mmea mmoja akiwa na chaguo. Tabia hiyo peke yake humpunguzia sumu ya mti wowote ule. Zaidi ya hapo mwili wake umezoea majani ya vichaka, ambayo yana tanini kuliko nyasi. Moja ya sababu zinazotajwa ni mate yake, yenye protini zinazoshikamana na tanini mapema kabla hazijafika mbali tumboni.

Sababu nyingine iko katika bakteria wa rumeni. Mwaka 1994 watafiti walieleza bakteria waliyempata katika rumeni ya mbuzi-mwitu wa Australia waliokuwa wakila majani ya mgunga wa huko, Acacia aneura. Bakteria huyo, aliyeitwa Streptococcus caprinus, aliweza kuishi penye tanini nyingi ambazo huwazuia bakteria wengine. Jambo kama hilo lilikuwa limeshaonekana kwa mmea mwingine ambao wafugaji wa Afrika Mashariki wanaufahamu vizuri, mlusina. Raymond Jones wa Australia aliona kwamba mbuzi wa Hawaii walikula mlusina bila kuugua wakati mifugo ya Australia iliugua. Sababu ilikuwa bakteria wa tumboni, nao walipohamishiwa kwa mifugo ya Australia, mifugo hiyo nayo ikaweza kuula. Kwa maneno mengine, ustahimilivu wa mbuzi hautokani na kuwa mbuzi tu. Unategemea pia alilelewa wapi na amezoea nini, na mbuzi aliyekulia bandani kwa nyasi na pumba hana sababu ya kutarajiwa kuumudu mwaloni siku ya kwanza.

Katika nchi zinazozunguka Bahari ya Mediteranea mbuzi na mwaloni wameishi pamoja tangu kale. Nchini Ugiriki vichaka vya Quercus coccifera, mwaloni mfupi wenye majani ya miiba, ni malisho muhimu ya mbuzi milimani. Huko Marekani mbuzi hutumika kupunguza vichaka vya mwaloni ambavyo ng'ombe hawawezi kuachiwa. Katika milima ya Himalaya upande wa India, wanavijiji hukata matawi ya mwaloni uitwao banj kuwalisha mifugo majira ya baridi yanapomaliza nyasi. Majani yaliyokomaa hutumika bila tabu kubwa, lakini ng'ombe waliokula majani machanga wamewahi kufa.

Pamoja na hayo mbuzi hufa kwa mwaloni. Walio hatarini ni watoto walioachishwa kunyonya karibuni, mbuzi waliokonda, mbuzi wageni walioletwa kutoka mahali pasipo na mialoni, na kundi lililofungiwa katika uzio mdogo chini ya miti mikubwa. Hali ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwani humwondolea mbuzi kile kinachomlinda, yaani nafasi ya kuchagua. Dalili zake ni zilezile za ng'ombe: kukataa chakula, kusaga meno kwa maumivu ya tumbo, kufunga choo kisha kuhara, na kunywa maji mno. Mbuzi wachache wenye afya wanaookota kokwa zilizoiva huku wakiwa na majani, vichaka na nyasi kavu kwa kawaida hawapati shida.

Kondoo yuko kati ya hao wawili. Hula nyasi kama ng'ombe lakini kwa mdomo mdogo unaochagua zaidi, na vifo vyake, ingawa vipo, havisikiki sana kama vya ng'ombe.

Wafugaji wa Afrika Mashariki wana jambo linalofanana na hili katika maganda ya migunga. Waturkana wa kaskazini mwa Kenya hukusanya maganda ya mgunga Acacia tortilis na kuyaweka akiba kwa ajili ya mbuzi wakati wa kiangazi. Maganda ya spishi nyingine, Acacia nilotica, yana tanini nyingi kiasi kwamba nchini Sudan hutumika kulainisha ngozi, nayo pia huliwa na mbuzi. Katika utafiti wa kulisha mbuzi majani na maganda ya aina hii imejaribiwa kemikali iitwayo polietileni glikoli, ambayo hushikamana na tanini na kuacha protini ya chakula itumike. Hufanya kazi, lakini kwa mfugaji mdogo gharama yake ni kikwazo.

Farasi na punda

Farasi hacheui, kwa hiyo tanini haivunjwi katika rumeni kabla ya kufika utumboni. Hilo halimwokoi. Kokwa nyingi humletea maumivu makali ya tumbo, kuharisha damu na kuharibika figo, na wengine hufa upesi kuliko ng'ombe. Maganda yanaweza pia kuziba utumbo. Farasi mmoja anaweza kuziacha kabisa na mwenzake akazitafuta kwa bidii, kwa hiyo wanaofuga farasi hutazama tabia ya kila mnyama peke yake. Punda hushauriwa kulindwa namna hiyohiyo.

Nguruwe

Kwa nguruwe hadithi inageuka. Msitu wa mialoni Ulaya ulithaminiwa kwa muda mrefu kwa idadi ya nguruwe ambao ungeweza kuwanenepesha. Kitabu cha Domesday, sensa ya mali iliyofanywa Uingereza mwaka 1086, kinapima misitu mingi namna hiyo: hakitaji ukubwa wake wala mbao zake bali nguruwe.

Mfano mkubwa wa leo ni dehesa, mandhari ya malisho yenye mialoni iliyotawanyika kusini-magharibi mwa Hispania, ambayo upande wa Ureno huitwa montado. Kuanzia karibu Oktoba au Novemba hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata, nguruwe weusi wa Kiiberia huachiwa chini ya miti, hasa ya Quercus ilex. Kipindi hicho huitwa montanera. Kwa sheria ya Hispania ya mwaka 2014, nguruwe anayeuzwa kwa jina la bellota, yaani kokwa, lazima awe amekaa katika montanera zaidi ya siku 60 na kuongeza angalau kilo 46 kwa kokwa na nyasi za hapo. Nguruwe mmoja anaweza kula kilo 6 hadi 10 za kokwa kwa siku.

Kinachofaa kuangaliwa ni namna anavyozila. Nguruwe wa Kiiberia huing'ata kokwa, huimenya kwa meno na ulimi, hutema ganda na kumeza kiini. Sehemu kubwa ya ukakasi huachwa chini. Wakati huohuo hula nyasi changa zinazoota baada ya mvua za mwisho wa mwaka, na nyasi hizo ndizo zinazompa protini ambayo kokwa haina. Mahali ambapo nyasi hazijaota, nguruwe hanenepi vizuri hata kokwa zikiwa tele. Kwa hiyo hata mnyama anayesifiwa kuwa anaishi kwa kokwa hawezi kuishi kwa kokwa peke yake.

Kati ya ndege wa kufugwa, bata mzinga ndiye anayezimudu zaidi. Jamaa zake wa mwituni huko Marekani huzimeza nzima. Kuku hupewa kidogo tu, kwani tanini hupunguza ukuaji wao.

Msitu wa New Forest

Mahali ambapo pande zote za suala hili huonekana kwa pamoja ni New Forest, kusini mwa Uingereza. William Mshindi aliufanya msitu wa kuwinda wa mfalme karibu mwaka 1079, na tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa. Wakazi wenye haki za kale za malisho, zinazofungamana na nyumba au ardhi zao, huwaachia farasi wadogo, ng'ombe na punda wazurure bila uzio. Wanyama hao wamo humo kokwa zinapoanguka, na katika miaka ya mavuno makubwa baadhi yao hufa kwa sumu.

Njia ya kuwakinga ni nguruwe. Kila majira ya kupukutika majani wenye haki hiyo huruhusiwa kuwaachia nguruwe wao msituni kwa muda usiopungua siku 60, ili wale kokwa kabla farasi na ng'ombe hawajazimaliza. Tarehe hupangwa kila mwaka kulingana na mavuno, na mwaka wa kokwa nyingi muda huongezwa. Kila nguruwe huvishwa pete puani; inamwacha aokote chakula juu ya ardhi na kati ya majani makavu lakini inamzuia kufukua na kuharibu malisho. Mwenye nguruwe anapata nyama, na jirani yake mwenye ng'ombe anapata usalama. Desturi hii haikuanzishwa kwa ajili ya kuzuia sumu, kwani asili yake ni kunenepesha nguruwe, lakini leo faida hiyo ya pili ndiyo inayotajwa kwanza.

Kuzuia madhara

Kwa kuwa tiba ni dhaifu, kazi yote iko katika kuzuia. Mfugaji ambaye shamba lake lina mialoni hushauriwa kuitazama miti kuanzia mwishoni mwa kiangazi cha kaskazini ili ajue kama mwaka ni wa kokwa nyingi, na kuitazama tena asubuhi baada ya kila upepo mkali. Ndama, mitamba, ng'ombe wenye mimba na wanyama wageni huhamishwa kwanza. Wanaobaki hupewa nyasi kavu kabla ya kutolewa nje, wasifike chini ya mti wakiwa na njaa. Penye miti michache uzio wa muda wa wiki chache hutosha; penye mmoja au miwili, kufagia kokwa na kuzibeba ni kazi ya siku chache tu. Kukata miti ni hasara isiyo ya lazima, na matawi yaliyokatwa yakiachwa chini huongeza hatari kwa kuwa ng'ombe huyafikia majani ambayo hapo kwanza hawakuyafikia.

Mahali ambapo wanyama hawawezi kuondolewa, kama kwenye ranchi kubwa za Texas, hutumika chakula cha nyongeza kilichochanganywa na chokaa iliyozimwa kwa maji, kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya mchanganyiko. Chokaa hushikamana na tanini ndani ya tumbo. Ni lazima wanyama waanze kukila kabla ya kufikia mwaloni na waendelee kila siku. Chokaa si tamu, na ng'ombe wengi hukiacha chakula hicho kisipowekwa mashudu ya pamba au kitu kingine wanachokipenda.

Anayetaka kutumia kokwa kama chakula cha mbuzi hungoja ziive na kuanguka zenyewe, huzianika, huondoa zilizoota ukungu, huzivunja na kumenya maganda, na huanza na kiasi kidogo juu ya nyasi na majani ya kawaida. Kuziloweka na kumwaga maji mara kadhaa hupunguza ukali wake. Maji hayo hutoka na rangi kama ya chai ya rangi, na hayafai kumwagwa katika hori la kunyweshea.